Jiko, Dushi na Bustani: Safari ya Lubumbashi Mpaka Kolwezi



Ukitaka kujua namna watu wa mji fulani wanavyoishi, usianze na saloni. Saloni ni pahali pa wageni. Pale kila mtu anaonyesha viti vyake vizuri, kitambaa cheupe juu ya meza na picha ya ndoa ku ukuta. Omba ruhusa, pita nyuma. Tazama jiko, tazama pahali pa kuoga, tazama udongo wa lupango. Pale ndipo afya ya familia inalindwa ao inapotea.

Mwezi huu tutembee pamoja mu njia ya shaba: toka Lubumbashi, kupitia Likasi na Fungurume, mpaka Kolwezi. Ni kilometa karibu 300. Watu wengi wanapita njia hii ku basi ao ku kamio, na macho yao yanafuata magari makubwa ya makampuni. Sisi tutatazama nyuma ya nyumba. Beba kalamu na karatasi, kwa sababu ku mwisho utakuwa na kitu cha kuandika.

LUBUMBASHI: JIKO LA KAMPI

Mji huu ulianza mwaka 1910, na wakati ule uliitwa Elisabethville. Mwaka 1911 tanuru ya Union Minière ikatoa shaba yake ya kwanza. Kampuni yenyewe ilikuwa imeundwa mwaka 1906. Ku mwanzo wafanyakazi walikuja kwa muda mfupi, bila bibi, bila mtoto, na walilala wengi mu chumba kimoja. Wengi walikuwa wagonjwa, wengine walikimbia. Kufika miaka ya 1926 mpaka 1928 kampuni ikageuza mpango: ikataka wanaume wenye familia, ikawapa mapatano ya miaka 3, ikajenga kampi za matofari. Hesabu yake ilikuwa wazi. Mfanyakazi anayekula vizuri na kulala kwake na bibi na watoto, anabaki ku kazi.

Ndiyo maana wazee wetu waliiita kampuni "baba". Ilitoa poso ya unga, ilitoa nyumba, ilitoa masomo na hospitali, na mu fwaye bibi zao walifundishwa kushona, kupika na kulea mtoto mchanga. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, mwana-historia wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, aliandika kitabu juu ya maisha hayo, na mu jina la kitabu anawaita watu wetu "Bana Shaba" walioachwa na baba yao. Kwani baba alianguka. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa shaba karibu tani 470,000. Mwaka 1994 ilikuwa chini ya tani 40,000. Mishahara ikachelewa, poso ikakatika, na mu miaka ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka ku kazi mu ule mpango ulioitwa "départs volontaires".

Nyumba zikabaki. Hizo ndizo tunazitembelea.

Ukipita mu kampi ya zamani utaona matofari ya nguvu, madirisha madogo, na nyuma ya nyumba jiko. Mu miaka ya kwanza robine na kabine vilikuwa vya watu wengi pamoja. Wakubwa wa kampi walipima kila kitu: ukubwa wa chumba, njia ya mayi machafu, nafasi kati ya nyumba na nyumba. Lakini mama mwenyewe hawakumuuliza mbabula aiweke wapi. Ulizo lile ni letu leo, na jibu lake linaweza kuokoa maisha.

Sikia vizuri. Hapa kwetu, mu mwezi wa sita na wa saba, usiku ni baridi sana, kwa sababu Lubumbashi iko juu, mita zaidi ya 1,200. Familia inapika inje, kiisha watu wanaingiza mbabula mu chumba ili watoto wapate joto, na wanafunga mlango na dirisha. Makala yanayowaka yanatoa hewa mbaya, inaitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haikohozeshi. Mtu analala tu, na asubuhi haamuki. Watu wanasema: "Ni bulozi." Hapana, si bulozi. Ni mbabula. Hata kama moshi umeisha na makala yamekuwa mekundu mazuri, sumu ile iko. Mama akisema, "Batoto, mbabula mutoshe inje, kiisha tulale," amefanya kazi ya daktari.

Basi, jiko zuri la kwetu linakuwa namna gani? Tulichukue sehemu kwa sehemu.

Kwanza upepo. Mu kiangazi upepo wetu mara nyingi unatoka kusini-mashariki. Kama nafasi iko, jenga jiko upande wa kaskazini-magharibi wa nyumba, moshi uende mbali na vyumba. Ukilijenga upande mwingine, kila jioni moshi utaingia mu matandiko ya watoto. Mtoto mdogo anayevuta moshi kila siku, kifua chake kinachoka, na nimonia inamshika haraka.

Pili ukuta. Usifunge jiko kama bohari. Jenga ukuta mpaka ku kiuno ao ku kifua, acha juu wazi pande mbili, na chini ya kilele cha paa acha tundu ya kutokea moshi. Matole yapite ukuta sentimeta 60, mvua ya mwezi wa kwanza isizime moto.

Tatu urefu wa pahali pa kupikia. Picha za majiko ya Ulaya zinaonyesha meza ndefu ya juu, na mama amesimama wima. Ni vizuri kwa chai na kwa mboga. Lakini jaribu kusonga bukari ya watu 8 juu ya meza ya namna ile! Bukari inaomba nguvu ya mabega, na sufuria lazima iwe chini. Kwa hiyo fundi mwenye akili anajenga benchi mbili za matofari: moja ya sentimeta karibu 80, ya kukatia sombe, kuweka masani na kupika mboga, na ingine ya sentimeta 35 ao 40, ya bukari, yenye shimo ambamo mbabula inakaa imara, isiteleze. Mtoto anayetambaa hafikii ile ya juu. Ku ile ya chini weka kaukuta kadogo mbele.

Ine matofari. Usinunue mbali. Vichuguu vikubwa vya Katanga vinatoa udongo mzuri sana wa matofari, na tangu zamani watu wa hapa wanachoma matofari pembeni ya kichuguu chenyewe. Udongo uleule, ukichanganywa na mayi na majani makavu yaliyokatwa, unajenga jiko linalofunika moto pande zote. Mbabula ya chuma peke yake inapoteza joto. Ukiizungushia udongo, makala yanakaa zaidi. Na makala si kitu kidogo. Mu tanuru ya udongo, kilo 100 za mti zinatoa makala ya kilo 10 mpaka 20 tu. Kila gunia linaloisha upesi ni miti inayokwisha ku njia ya Kasenga na ya Likasi, na ni feza ya masomo ya mtoto.

Tano mwangaza na kukausha. Funga meza ya miti ku jua, yenye nafasi kati ya mti na mti, masani yakauke yenyewe. Kitambaa chenye mayi kinarudisha uchafu ku sani safi.

UPANDE WA UPEPO WA SHIMINI

Mbele ya kuacha Lubumbashi, inua macho. Ile shimini ndefu ya mita 150 na ule mlima mweusi pembeni yake ni alama ya mji. Watoto wanavichora ku masomo. Kwa miaka mingi moshi wa tanuru ulipelekwa na upepo ule tuliosema, kusini-mashariki kuelekea kaskazini-magharibi. Metali zikaanguka juu ya mitaa ya upande ule. Na metali si kama jani; haiozi. Shaba, kadmiumu na plombi zilizoanguka wakati wa nkambo zingali mu udongo wa mjukuu.

Mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi na wa Leuven, mu Ubelgiji, walitoa matokeo ya kazi yao mu Katanga. Walipima mkojo wa watu. Wale wanaokaa chini ya kilometa 3 toka mine ao kiwanda cha metali walikuwa na metali nyingi zaidi mu mwili, na kobalti ilikuwa nyingi sana. Hawa si wachimbaji peke yao. Ni mama wa sokoni, ni watoto wa masomo. Metali inaingia na mavumbi, na mikono, na chakula.

Je, tuache bustani? Hapana! Bustani ya nyuma ilishibisha familia mingi wakati mshahara ulikosa. Lakini tuipange kwa akili.

Tazama kwanza ni nini kinachoota chenyewe. Kuko kamea kadogo ka Katanga, maua yake ni ya zambarau, wenye elimu wanakaita Haumaniastrum katangense, na watu wengi wanasema tu "maua ya shaba". Kanapenda udongo wenye shaba ambamo majani mengine yanakufa. Watafuta-madini wa zamani walikafuata ili wapate shaba. Wewe ukikaona kwa wingi mu lupango yako, na pembeni yake udongo uko wazi bila jani, ujue: hapa si pahali pa lengalenga.

Tena, mimea haifanani. Majani tunayokula, kama lengalenga, matembele, bibwabwa na shu, yanavuta metali na kushika mavumbi kupita matunda. Kama unaogopa udongo wako, panda ndani yake miti ya matunda, mahindi na tomati. Na majani uyapande mu vitanda vya juu: zungusha matofari ya sentimeta 40, weka ndani udongo uliotoka mbali na viwanda, changanya na mbolea ya kuku iliyooza vizuri. Watafiti wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walijaribu chokaa na mbolea mu udongo wa namna hii, kwa sababu chokaa inapunguza uchachu wa udongo na metali zinashikwa, hazipandi sana mu mizizi. Na chokaa iko kwetu: mawe ya Kakontwe, karibu na Likasi, yanajulikana tangu zamani.

Kisha osha majani mara tatu, mayi yageuzwe kila mara. Usitegemee kupika, moto unaua mikrobi, lakini hauondoi metali.

LIKASI: MAYI NA KABINE

Kilometa karibu 120, na tunafika Likasi, Jadotville ya zamani. Milima, barabara za miti, nyumba nzuri za wakati ule. Ndani ya nyumba nyingi utakuta bafu ya kweli: beseni kubwa nyeupe, kiti cha kabine chenye tanki, robine mbili. Utafungua robine, na mara nyingi utasikia upepo tu. Beseni imekuwa ya kuwekea bidoni za manjano. Mama wa nyumba atakuambia, "Papa, mayi iko inapita usiku, tunaamukaka saa tisa kuchota."

Ndiyo ukweli wa miji yetu: bafu ilijengwa kwa mayi ya bomba, na bomba imechoka. Watu wakachimba kisima mu lupango. Vizuri. Lakini jirani naye amechimba shimo la kabine, pengine mita 8 toka kisima chako, ku ukuta uleule. Unamsalimia kila asubuhi, na chini ya udongo mayi yake na mayi yako yanasalimiana vilevile. Mu mwaka 2008 kolera ilipita Lubumbashi na Likasi. Haikuuliza nani ni mkubwa wa kazi na nani ni chômeur.

Ndiyo maana shika hesabu hizi, na umuonyeshe fundi:

Kisima na shimo la kabine viachane mita 30 ao zaidi, na kabine iwe upande wa chini wa mtelemko. Chini ya shimo ibaki mita 1 na nusu ya udongo mukavu mbele ya kufikia mayi. Kama lupango yako ni ndogo mno, patana na majirani: kisima kimoja kwa nyumba nne, pahali pazuri, ni bora kuliko visima vinne vibaya. Mazungumuzo hayo ni magumu, lakini kilio ni kigumu zaidi.

Kisima kipate ukuta wa sentimeta 50 juu ya udongo, kifuniko, na sima pembeni ya mita 1 ili mayi ya kunawa yasirudi ndani. Ndoo moja tu ndiyo ishuke, na ile ndoo isiguse chini.

Kwa kabine, wajirani zetu wa Zimbabwe walitufundisha kitu. Mu miaka ya 1970, Peter Morgan na wenzake wa maabara ya Blair walipanga kabine yenye bomba la hewa. Siri yake ni rahisi. Bomba la upana wa sentimeta 15 linatoka mu shimo na kupita paa kwa sentimeta 50. Jua na upepo vinavuta hewa juu, harufu inatoka, haiingii mu chumba. Ndani ya kabine muwe giza kidogo. Inzi mu shimo wanafuata mwangaza wa juu, wanapanda mu bomba, na ku mwisho wanakuta kichujio cha waya. Hawatoki, wanakufa. Kama umeweka bomba bila waya, umewajengea inzi barabara tu.

Dushi nayo haiombi marmara. Chini weka sima yenye mtelemko wa sentimeta 2 kwa kila mita, mayi yasisimame. Mayi yatoke mu kafereji, yaingie mu shimo la mawe madogo, na pembeni yake panda migomba. Mgomba unapenda mayi ya kuoga, na mbu hawapati pahali pa kuzalia. Kwa baridi ya mwezi wa saba, weka bidoni nyeusi juu ya matole tangu asubuhi; jioni mayi yatakuwa ya vuguvugu bila makala.

Na fikiri juu ya watu. Nkambo mwenye magoti mabaya hawezi kuchuchumaa: umjengee kiti cha matofari chenye tundu, na mti wa kushika ku ukuta. Binti yako haendi kabine usiku kama mlango haufungi: weka kikomeo ndani. Kikomeo hakiombi feza nyingi, na kinampa heshima na usalama. Ku mlango funga kabidoni kadogo ka kunawia, na kamba ya kukanyaga kwa mguu, kainame chenyewe, mkono usiguse. Weka sabuni.

Ndani ya nyumba zenye kiti cha tanki, usimwage mayi ya kufulia. Yaweke mu ndoo ya kabine. Mayi yaleyale yatafanya kazi mara mbili.

KOLWEZI: UTAJIRI CHINI YA SIMA

Tunaendelea. Tunapita Fungurume na milima yake iliyokatwa, tunavuka Lualaba, na tunaingia Kolwezi, mji ulioanzishwa mwaka 1937 juu ya madini. Hapa swali la nyumba linageuka. Mu Lubumbashi tuliuliza moshi unaenda wapi. Mu Likasi, mayi yanatoka wapi. Mu Kolwezi watu wanauliza: chini ya jiko letu kuko nini?

Mu mwaka 2014 habari ilisambaa kwamba mu mtaa wa Kasulo kuko kobalti nyingi chini ya malupango. Watu wakachimba mu bustani. Wengine wakavunja sima ya chumba na kushuka chini, na jioni watoto walilala pembeni ya shimo. Usiwacheke. Baba mwenye deni la masomo na la hospitali, akisikia kwamba feza iko mita 10 chini ya kitanda chake, atafanya nini? Mwaka 2017 sehemu ya Kasulo ikazungushiwa ukuta, familia zikahamishwa, na kampuni moja ikapata haki ya kununua madini ya pale. Mwaka 2018 watafiti wale wa Lubumbashi na Leuven wakatoa matokeo mengine: watu wa Kasulo walikuwa na kobalti mu damu na mu mkojo kupita sana watu wa mtaa wa karibu, na tofauti kubwa zaidi ilikuwa kwa watoto. Watoto hawachimbi. Wanacheza chini, wanalamba vidole.

Kwa hiyo kama mu nyumba yako kuko mchimbaji, creuseur ao mfanyakazi wa kampuni, panga lupango hivi: dushi iwe karibu na mlango wa inje, si nyuma ya nyumba. Baba akirudi, aingie dushi kwanza, avue viatu na nguo za kazi pale, aoge, avae nguo safi, kiisha abebe mtoto. Nguo za kazi zipate beseni yao peke yake. Beseni ya sombe isifulie nguo ya mine hata siku moja. Na gunia la mawe lisilale mu chumba ao jikoni.

Tena, kitu kimoja kitawakasirisha mama zetu: fagio. Heshima ya mama wa Katanga ni lupango iliyofagiwa kila asubuhi, bila jani, kwa sababu ya nyoka na kwa sababu ya majirani. Lakini karibu na mine, udongo ulio wazi ni mavumbi, na kufagia ukavu ni kuyarusha mu pua ya mtoto. Nyunyiza mayi mbele ya kufagia. Panda pasipalumu pahali watoto wanapochezea, acha njia tu bila majani. Ku upande wa barabara panda ua mnene wa miti. Ule unashika mavumbi ya makamio mbele hayajafika ku dirisha. Ndani ya nyumba panguza kwa kitambaa chenye mayi.

Kuko na jambo ingine Kolwezi. Mu Cité Gécamines, mtaa uliojengwa kwa wafanyakazi, nyumba nyingi ziko na vyumba vya kutosha, mayi, moto wa umeme na bafu ya ndani. Pembeni yake mine ya shaba na kobalti imepanuka. Kuta zimepasuka, na familia nyingi zimeambiwa zihame. Mwezi wa 9 wa mwaka 2023, Amnesty International na shirika la Kolwezi linaloitwa IBGDH walitoa ripoti yao. Mu ripoti ile watu waliohamishwa walisema kwamba feza waliyopewa haikuweza kununua nyumba inayofanana na ile waliyoacha. Walitoka mu nyumba yenye robine na bafu, wakaingia mu nyumba isiyo na mayi wala umeme.

Unaona sasa, msomaji, kwa nini tulitembea nyuma ya nyumba? Siku ya kuhesabu, mtu wa ofisi anakuja na karatasi: vyumba vingapi, matole mangapi. Mwembe wa miaka 20, je? Kisima, je? Benchi ya bukari, bomba la kabine, migomba ya dushi? Kama mwenye nyumba mwenyewe anasema "hivi si kitu", nani mwingine atavihesabu? Sheria ya mine ya mwaka 2002, iliyogeuzwa mwaka 2018, inasema mtu anayepata hasara kwa ajili ya kazi ya mine anapaswa kulipwa. Lakini hasara isiyoandikwa ni vigumu kuionyesha.

KAZI YA MWEZI HUU

Chukua ile karatasi. Bwana na bibi wakae pamoja, maana mara nyingi bwana anajua matole na bibi anajua vingine vyote. Andikeni:

1. Jiko: ukubwa wake, matofari, matole, benchi, mwaka wa kujenga.

2. Kabine na dushi: urefu wa shimo, sima, bomba, mlango.

3. Kisima ao robine: urefu, kifuniko, ni nyumba ngapi zinachota.

4. Bustani: kila mti kwa jina lake na miaka yake, na vitanda vya mboga, pamoja na mavuno ya mwaka.

5. Feza mliyolipa kwa fundi na kwa vifaa. Karatasi za kununua mziweke pamoja na karatasi za lupango.

Mkiwa na telefone yenye kamera, pigeni picha ya kila kitu, mtu mmoja asimame pembeni ili ukubwa uonekane. Nakala moja mwachieni ndugu anayekaa mji mwingine.

Hata kama mine haitafika kwenu, ile karatasi itawaonyesha pahali pa kuanza. Kama feza ni kidogo sana, anzeni na yale yasiyoomba feza: mbabula ibaki inje usiku, mayi yanyunyizwe mbele ya fagio, majani yaoshwe mara tatu, nguo za mine zipate beseni yao. Feza kidogo ikipatikana: kikomeo, waya juu ya bomba la kabine, kifuniko cha kisima. Ikipatikana zaidi: benchi mbili za jiko na sima ya dushi. Na ule mjirani wa mita 8, nenda kwake Jumamosi jioni mtu akiwa amepumzika. Anza na habari za watoto, kiisha muulize polepole: "Ndugu, shimo lenu lilichimbwa mita ngapi?"